Maua Kwenye Mikono ya Mdogo Wangu

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika chumba cha ngozi cha kituo kimoja cha afya hapa mjini Unguja, na nilijiona naijua kazi. Mgonjwa hajakaa vizuri kwenye benchi, mimi nimeshamaliza naye moyoni. Huyu ana upele, maana anajikuna katikati ya vidole na mtoto aliyempakata naye anajikuna. Yule ana choa: duara lenye ukingo uliovimba, katikati pamepoa. Mtoto mwenye ukurutu nilimjua kwa mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwa mama yake, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Mkubwa wetu wa kazi, mzee wa Makunduchi ambaye kila mtu alimwita daktari ingawa mwenyewe alikataa, hakupendezwa na haraka yangu. "Muulize mtu kwanza mikono yake inafanya kazi gani," aliniambia. "Halafu tazama ugonjwa unaishia wapi. Ukiishia kwa mstari, ujue kuna kitu kimegusa hapo." Kwa njia hiyo alimgundua mchukuzi wa Malindi aliyepakwa dawa ya fangasi miezi mizima, kumbe ilikuwa saruji iliyomvujia kutoka kwenye mifuko. Kwa njia hiyo pia alimtambua mkulima wa mwani wa Chwaka, ambaye vidole vyake vilipasuka pale pale kamba inapopita. Mimi nilisikiliza, nikajifunza, na nilipotoka kazini niliyaacha yote mlangoni pamoja na koti.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, tumepishana miaka sita. Siku moja, baada ya harusi ya binamu yetu, alinijia jikoni nikiosha mchele. Alikuwa amechorwa ua moja dogo la piko juu ya kifundo cha mkono.

"Dada, nnawashwa hapa."

Niligeuza shingo tu, mikono ikiwa ndani ya maji.

"Harara hiyo. Kapake poda."

Akaenda akapaka poda. Baada ya wiki ua lilififia na muwasho ukaisha, na mimi sikulifikiria tena.

Miezi minne baadaye ikawa zamu yake kuolewa. Alitawa ndani, akasuguliwa mwili kwa singo yenye manukato, na siku ya Jumanne mchoraji akaja na bakuli zake mbili. Wageni huwa hawajui tofauti, lakini kwetu kila mwanamke anaijua: hina ni majani, rangi yake nyekundu, piko ni nyeusi, na siku hizo ilikuwa ile rangi ya unga ya kutia nywele zenye mvi, inayouzwa dukani, ikakorogwa na kuchorwa kwa njiti. Bibi harusi hana raha bila piko. Alichorwa maua kuanzia vidoleni mpaka karibu na viwiko, mashina yakapindana, na nikasema mwenyewe kwamba sijaona mikono mizuri kama ile.

Alhamisi asubuhi mama alinivuta kamisi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono ameiweka juu ya mto, haigusi. Kila ua lilikuwa limevimba. Kila jani lilikuwa na malengelenge, mengine yameshapasuka na kutoa maji. Kati ya ua na ua ngozi ilikuwa safi, haina hata chembe. Sikuhitaji kumwita mtu. Niliona pale ugonjwa ulipoishia, nikakumbuka jikoni, mchele na poda. 

Nilijikaza. Nilikimbia kazini, mzee akaandika vidonge na krimu, nikarudi kumkanda kwa vitambaa vya maji baridi. Lakini shangazi mmoja alikuwa ameshapita dirishani, na maneno ya dirishani Mji Mkongwe hayahitaji miguu. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yameshafika Jang'ombe, kwa wakwe: bibi harusi ana ugonjwa wa kuambukiza, umefichwa mpaka umejitoa wenyewe.

Baada ya alasiri mama wa bwana harusi akabisha hodi, na wanawake wawili nyuma yake. Tuliamkiana vizuri. Shikamoo, marahaba, karibuni, tumekaribia. Kahawa aliletewa, hakuigusa.

"Kesho baada ya nikaha mwanangu ataingia kumpa mkono mkewe," alisema. "Nataka kujua ataushika mkono gani. Kama bibi harusi mgonjwa, tusubiri apone, na tukisubiri tutazungumza upya."

Sote tulijua kuzungumza upya ni kuzungumza nini. Mdogo wangu alikuwa pembeni, mikono imefunikwa kanga. Hakulia. Alikuwa akinitazama mimi.

Nilianza na maringo yangu ya kazini. "Bi mkubwa, si ugonjwa wa kuambukiza. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaojua kuchora maua? Piko ndiyo iliyomdhuru."

"Piko!" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Miye nlipakwa. Binti zangu wote wamepakwa. Na huyu mwenyewe keshapakwa mara ngapi, mbona haikumdhuru? Leo ndiyo imuone?"

Lilikuwa swali zuri. Mzee wa Makunduchi angeuliza vivyo hivyo. Na jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu, mimi na yule aliyekaa pembeni, ambaye angeweza kulisema na hakulisema. Ningeweza kusema maneno mengi ya kitabibu, na yule bibi angeondoka na shaka yake, na kesho nyumba ingekuwa na pilau isiyo na mlaji.

"Haikuanza leo," nikasema. "Mara ya mwisho ilimuwasha. Ua moja tu, hapa. Alinionesha. Mimi, ninayeangalia ngozi za watu kila siku, sikutoa mikono majini nikamtazama. Nikamwambia harara. Mwili ukishakikataa kitu, kila kikirudi huwa mkali zaidi. Ningemtazama siku ile, asingepakwa tena. Kosa langu, si ugonjwa wake."

Mama alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

 Mama wa bwana harusi akasogea kwenye mkeka, akaifunua kanga mwenyewe. Alipitisha kidole hewani juu ya uvimbe, kutoka ua mpaka shina, kutoka shina mpaka ua jingine, mpaka ulipoishia karibu na kiwiko.

"Kweli," alisema. "Ni maua." Akaifunika tena mikono. "Mwanangu tutamwambia amshike begani."

Alishikwa begani, wakafunga ndoa yao, na mpaka leo wako pamoja. Ngozi ilipona, ila maua yalibaki, yamepauka kuliko ngozi yake. Yalikaa miaka. Kila akinimiminia chai niliyaona.

Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Lakini watoto wake walipotoka ukurutu aliwapeleka kituo kingine, kwa muuguzi asiyemjua. Nilisikia kwa watu. Alikuwa akija kwangu kwa kila jambo, sikukuu, msiba, sukari ya kuazima, isipokuwa ngozi.

Mwaka wa kumi na mbili hivi baada ya harusi, asubuhi moja, niliinua kichwa kumwita mgonjwa anayefuata nikamwona yeye kwenye benchi, kadi mkononi, amepanga foleni na wenzake. Aliingia, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. Chini ya pete ya ndoa ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, inabanduka ukingoni. Ulimi wangu ulikuwa tayari: sabuni ya vyombo, inajificha chini ya pete, haisuuziki. Nililimeza neno.

Nilinawa mikono, nikaikausha, nikasogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana. Nikauchukua mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

"Siku hizi," nikamuuliza, "mikono yako inafanya kazi gani?"



"Sasa ndiyo umeniuliza, dada," akasema, na akaanza kunieleza.