Kalibu ya Askofu wa Uskoti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa aproni, beseni la plasta na maiti mmoja wa kumtumikia.

Nilikuwa mgeni kutoka Likasi, ninakaa Ixelles, huku Ubelgiji, kwa dada yangu, na nilidhani kazi ya nyumba ya nyaraka ni kufagia. Mkuu wa karakana, padri mzee wa Kibelgiji aliyewahi kuishi kwetu Katanga, aliniwekea kiganjani muhuri wa lakiri nyekundu, umechongoka juu na chini.

«Huyu ni askofu ya Uskoti,» akasema kwa Kiswahili cha kwetu. «Alikufaka zamani sana. Bon, Ilunga, weye utamuchunga.»

Kazi yetu ilikuwa kunakili mihuri kabla haijasagika. Unaupaka muhuri mafuta kwa brashi, unauzungushia ukuta wa kadibodi, unamimina plasta laini. Ikiganda umepata kalibu, yaani sura ya muhuri iliyo kinyume, na kalibu moja itakupa nakala nyingi. Haraka haina baraka. Ukiibandua mapema, mtakatifu wa kwenye muhuri anabaki bila pua.

Plasta ilipokuwa ikiganda, padri alinisimulia habari za askofu. Alisoma Leuven, hapa jirani, kisha mfalme wake akamfanya mtunza muhuri wake mdogo na kumlipa kwa uaskofu. Jimbo lake hakulikalia. Leo atumwe Flandria kwa mambo ya sufu, kesho kumtafutia mfalme mchumba. Kila akiomba ruhusa aende kwa kondoo wake, mfalme alisema: safari hii tu. Kwenye muhuri mtakatifu amesimama katikati, naye askofu yuko chini kabisa, amepiga magoti, mdogo kama punje ya mchele. Alifia safarini. Mtumishi wake akauvunja kwa nyundo muhuri wake wa shaba, ule wa kugongea lakiri, watu wa nyumba yake wakitazama.

«Juu ya nini banavunja, mon père?» nikauliza.

«Juu mwizi asiandike na jina ya mufu. Lakini muhuri ya mufalme, ile alikuwa anachunga, hapana. Ile banapatia mwingine, kazi inaendelea.»

Niliomba kwa Mungu kazi yangu iwe kama muhuri wa mfalme: nikiondoka, apewe mwingine.

Padri alistaafu, karakana ikabaki mikononi mwangu. Mkuu wa pili alipenda ripoti kuliko mihuri. Wa tatu alikuwa mama mkurugenzi, mpole, mwenye tabasamu. Kila mwaka nilimwomba mtu mmoja tu wa kumfundisha. «L'année prochaine, Papa,» alinijibu. Mwaka ujao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi nilitegemea cha mkurugenzi, nikangoja mpaka nywele zikaisha.

Nilipokaribia kustaafu ikaletwa mashine ya kupiga picha mihuri. Kalibu zilikuwa zimeota ukungu, tena chumba kilitakiwa. Mkurugenzi akaniambia kwa upole kwamba zitatupwa, lakini zipondwe kwanza ziingie kwenye mapipa, na mimi ndiye nijuaye zilipo.

«Nipe moja tu, Madame. Ya askofu.»

«Désolée, Papa. Mali ya nyumba haichukuliwi na mfanyakazi.»

«Lakini mnaitupa.»

«Ndiyo. Ni kanuni.»

Niliziponda kwa nyundo. Ya askofu niliiweka ya mwisho, nikitumaini mtu ataingia mlangoni aseme basi. Hakuingia mtu, nikaiponda nayo. Nikapanda basi hadi Chaussée d'Ixelles, unga mweupe mikononi. Mke wangu, Maman Odette, akaniwekea bukari, ugali wa kwetu.

«Papa, kula kwanza. Ile ilikuwa plâtre tu.»

Nikaisogeza sahani kando, nikaenda kunawa ule unga.

Vijana wa parokia mmeniomba niandike jinsi kazi hii ilivyofanywa, na mmoja ameuliza aende wapi kujifunza. Hakuna pa kwenda, mwanangu. Aliyeijua ni mimi, na mikono inatetemeka.

Askofu alivunjiwa muhuri wake akiwa maiti, watu wake wamesimama pembeni. Mimi nilikuwa mzima, peke yangu, na nyundo niliishika mwenyewe.