Nilifuta Folda ya Mke Mwenzangu

Nilikosa. Nasema mapema ili msihangaike kunichunguza. Mimi ndiye nilifuta folda ya mke mwenzangu kwa kompyuta, na ndani yake mlikuwa na hadithi zote alizosimulia mama mkwe wetu akiwa mgonjwa. Mama hayuko tena, na hadithi hazipo. Nitukaneni, lakini kwanza mnisikilize!

Mimi ni mke wa kwanza, mikayi. Boma letu liko Kisian, na huku kila mtu anajua nyumba ya mikayi hukaa juu, inatazama lango. Nyumba ya Achieng, mke wa pili, iko kando. Hiyo si kiburi yangu, ndivyo boma hujengwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mume wetu, Baba Ouma, alileta kompyuta, akaiweka sebuleni kwangu. Nilikuwa nimepiga taipu ofisini mjini miaka mingi, nikadhani ni mambo yale yale. Thubutu! Kila mwisho wa mstari nilingoja kengele ilie. Nikikosea, nilitafuta ule wino mweupe nipake kwa skrini. Watoto walicheka mpaka nikawafukuza nje.

Basi Baba Ouma akatufungulia folda. "Hizi ni kama droo," akasema, "kila mtu na yake." Nikaangalia. Juu kabisa, Achieng. Halafu Barua, halafu Kanisa, halafu Ng'ombe. Jina langu linaanza na W. Jameni, nilikuwa chini ya ng'ombe!

"Baba Ouma, nani amepanga hivi?"

"Mashine inajipangia. A, B, C."

"Na mashine imezaliwa boma gani, haijui mikayi?"

Akacheka, akatoka kwenda kuangalia mahindi yake. Kile kicheko kiliniuma kuliko ile folda.

Kila alasiri Achieng alikuja kwangu. Mama alikalishwa kwa kochi, anasimulia hadithi za zamani kwa Dholuo, Achieng anapiga taipu moja kwa moja. Mimi niko jikoni nakaanga omena, nawasikia wakicheka ndani ya nyumba yangu! Mama aliniita mara nyingi, "Mikayi, kuja ukae." Nikajibu niko na kazi.

Siku moja Achieng alienda Kombewa kumchukulia Mama dawa hospitalini. Nikakaa mbele ya mashine, nikajaribu kuifuta folda yake. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Achieng alikuwa ameifunga ili watoto wasiichezee. Mimi nikazuiwa na kompyuta, nyumbani kwangu! Sasa nikakasirika kweli.

Kesho yake nikamuuliza mama mmoja wa ile ofisi yangu ya zamani, fundi wa hizi mambo. Akanionyesha njia ya ile skrini nyeusi: unafungua kufuli kwanza, halafu unaandika amri inayong'oa folda na kila kitu ndani. Haipiti kwa pipa la taka, haiokoteki. "Lakini uwe na hakika," akasema.

Nilikuwa na hakika! Nilijua kilichomo, siwezi kusingizia ujinga. Nilijiambia Mama si yupo? Atasimulia tena. Nikabonyeza. Folda ikatoweka, na nikasikia raha. Ndiyo, raha! Niwadanganye ya nini?

Wiki ile ile Mama akapoteza sauti. Akawa anatutazama tu, midomo inacheza. Hakuongea tena mpaka tukamzika.

Siku ya mazishi mchungaji akamwita Achieng asome hadithi za Mama, kwa sababu kila mtu alijua anaziandika. Achieng akasimama mikono mitupu. Alikuwa ameshajua ni mimi, na alikuwa hajaniuliza hata neno moja. Akasema polepole, "Kompyuta iliharibika."

Sikuweza kuvumilia hiyo huruma. Nikasimama katikati ya waombolezaji. "Haikuharibika. Ni mimi nilifuta, na nilifuta nikijua."

Wuololo! Shemeji zangu walipiga kelele kuliko walivyomlilia Mama. Kabla ya matanga kuisha, Baba Ouma alibeba mashine akaipeleka kwa Achieng. Akina mama wa kanisa nao wakaanza kunisalimia kwa mbali. Sawa. Nilistahili.

Lakini Baba Ouma nilimwambia usoni, na leo narudia: nilikuja kwako na swali, ukanicheka. Kosa la kufuta ni langu lote, sikugawii hata kidogo. Kosa la kunicheka ni lako. Na nafasi yangu ya mikayi siombi msamaha kwa kuitaka!

Juzi mtoto wa mwanangu Ouma aliniomba hadithi ya Mama, ile ya kiboko aliyekwenda kuoa. Nikaanza vizuri. Nikafika pale kiboko anasimama nje ya lango na kuimba, nikakwama. Nikamwita Achieng. Naye wimbo haukumbuki. Tulibaki tukitazamana, wanawake wazima, na mtoto anangoja.

Kwa hivyo wewe mwenye hasira na mke mwenzako, nyumba yake si iko hapo? Vuka uwanja, piga hodi, mtukanane mpaka mchoke. Kazi ya mikono yake usiiguse. Na usijidanganye kama mimi kwamba nilipoteza folda tu. Mama mwenyewe alikuwa sebuleni kwangu, mzima wa sauti, ananiita nikae, na mimi sikwenda.