Mchungaji Aliyelala Kwenye Picha ya Memsahibu

Sisi wa Visiga hatukuwa wachungaji. Mbung'o walimaliza ng'ombe, tukabaki na jembe. Kwa hiyo jumbe alipokuja kuniambia kwamba memsahibu, mke wa bwana wa shamba la mkonge, anataka kunichora nikichunga mbuzi, nilicheka.

"Mzee, mimi mbuzi ninao?"

"Nitakuazima wangu."

"Na mahindi yangu? Ngedere watayalinda wao?"

"Binti, hii ni amri." Amri gani! Baadaye nilijua alipewa koti.

Mume wangu alikuwa kambini, kwenye mkonge. Mama mkwe haoni. Mlinzi wa shamba nilikuwa mimi tu, na chakula chetu cha mwaka kilikuwa pale.

Kwanza memsahibu alinipeleka sebuleni nione picha ya kale ya kwao, nijue namna ya kukaa. Nakiri ilinishika. Jua la rangi ya samli, mto, kondoo weupe, nguzo za jumba lililobomoka. Kijana amelala chini ya mti, filimbi kifuani. Nikamwuliza mpishi, aliyekuwa akitutafsiria:

"Kaka, huyu anachunga au anaumwa?"

Memsahibu akaeleza kwamba kila kitu pale kina maana yake. Kondoo ni moyo usio na hatia. Filimbi ni mapenzi. Nguzo zinasema wafalme hupita, mtu wa shamba akabaki na raha yake.

"Na jembe liko wapi?"

Memsahibu akaitazama picha yake kama mgeni. Hakuna jembe.

Nikazidi kutafuta. Mbali kabisa, darajani, nikamwona mtu mdogo kama sisimizi, kajikunja chini ya mzigo wa kuni. "Na huyu, maana yake nini?"

"Anasema huyo amewekwa ili daraja lionekane liko mbali," mpishi akajibu.

Basi nikakaa chini ya mkorosho, fimbo mkononi, kutwa, siku baada ya siku. Ngedere nawasikia kule shambani. Nikiinuka, jumbe anafoka: "Kaa chini, binti!" Picha ilipokaribia kwisha, shambani yalibaki mabua.

Siku ya kuonyeshwa, nilijiona nimenenepa, natabasamu. Nyuma yangu mahindi yamesimama mabichi, yamebeba.

"Kaka, mwulize haya nitayavuna lini."

"Dada, hilo siulizi."

Mwaka ule tulikula ndiga, viazi vya porini ambavyo visipolowekwa sawasawa huua. Mama mkwe hakuuvuka mwaka. Mvua ilinyesha vizuri, msimsingizie Mungu. Ni jumbe na koti lake, ni memsahibu na rangi zake.

Lakini ile picha ya kale bado inanijia. Najiuliza yule kijana wa filimbi alipoamka alikuta nini. Na yule wa kuni, walipomwita akasimame darajani, shamba lake alimwachia nani?