Ubavu wa Kulia wa Kairu

Juzi, nyuma ya kichinjio kimoja karibu na Nkubu, niliona ndama ambaye hakuwahi kuzaliwa ametupwa kwenye mavi, kwato zake nyeupe bado laini. Nikakumbuka mchana ule mwenye bucha alipokuja kumchukua Kairu, ng'ombe wetu.

Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupima mimba ya ng'ombe. Ng'ombe akishakunywa maji baridi, msukume kwa ngumi ubavuni: kushoto ni majani, kulia ni ndama. Tena aliniahidi kwamba ndama huyo angekuwa wangu. Kwa hiyo Kairu alipovutwa kamba, akinuka majani mabichi ya nepia, nilimkimbilia nikamsukuma ubavu wa kulia. Kitu kikanigonga ngumi.

"Baba, ndama amepiga teke!"

Mwenye bucha akasimama. "Mzee, si ulisema amenona tu?"

Baba akacheka. "Hayo ni majani, Kendi. Umeshika kushoto."

Nikaamini. Hata shuleni, nikiambiwa niinue mkono wa kulia, nilisita kwanza.

Zizi likabaki tupu. Kanisani baba akawaambia watu kwamba sisi hatuna bahati ya ng'ombe, nami nikapiga magoti kando yake, nikamwombea.