Mwezi Ukiwa Katika Nge

Kalenda ya msikiti wetu hutundikwa jikoni, kati ya friji na mlango wa baraza. Ina nyakati za swala za Toronto, siku za maombolezo na za furaha, na kila mwezi una visanduku viwili vitatu vilivyotiwa rangi ya kijivu. Hizo ni siku ambazo mwezi umo katika burji ya Nge, lile kundi la nyota. Sisi tuliolelewa katika jamaa hii ya Kishia, tangu Tanga hadi hapa Thorncliffe Park, siku hizo hatufungi ndoa wala hatuanzi safari, tukiweza. Nimewasomesha wanawake madrasa kwa miaka mingi, na kila walipouliza niliwajibu vilevile: si haramu, ni makuruhu tu, yaani haipendezi, mwenye haja atoe sadaka, amtegemee Mungu, aende zake. Lilikuwa jibu jepesi. Waliokuwa wakisafiri walikuwa watoto wa wenzangu.

Mwaka huo binti yetu alipanga safari ya meli juu ya meza yetu ya kulia. Kazi yake ni bahari. Watu hucheka nikisema hivyo, kwa kuwa hapa tuna ziwa tu, lakini ofisi yao iko mjini na maboya yao yako mbali huko mashariki, katika Atlantiki, kila moja limefungwa kwa mnyororo mrefu kwenye nanga iliyolala chini kabisa. Yanapima joto la maji, mawimbi na upepo, na kila saa yanatuma habari kwa setilaiti. Kila mwaka lazima watu waende wakayabadilishie betri, wayakwangue uchafu unaoota, waikague minyororo. Meli ni ya kupewa kwa siku chache, kisha wanaingia watafiti wengine. Ndiyo maana alikaa wiki nzima akipanga boya lipi litangulie na lipi liachwe upepo ukiharibika.

Alitandaza ramani ya bahari juu ya kitambaa cha meza na kuweka kokwa za tende mahali pa maboya. Mume wangu akitaka chai aliambiwa ahamie kwenye kochi.

"Mimi niliendesha duka zima juu ya kaunta ndogo kuliko meza hii," alilalamika. "Wewe kokwa tano zimekushinda."

"Duka lako halikuyumba, Baba."

"Halikuyumba? Muulize mama yako."

Kokwa ya mwisho, ile iliyokaa peke yake karibu na ukingo wa ramani, ndiyo iliyomsumbua. Kila boya lina duara lake la kuchezea, kadiri ya urefu wa mnyororo, na likitoka nje ya duara hilo simu ya binti yangu hulia kengele ya pekee. Boya la mbali lilikuwa limeanza kutoka. Kengele ililia nikiwa nachagua mchele, ikalia tena tukiwa mezani. Kila mara aliitazama simu, akaiweka kifudifudi, akaendelea kula.

"Maana yake nini?" nilimuuliza.

"Pengine pete moja ya mnyororo imelika, Mama. Ikikatika, boya litaondoka na maji, na tutakuwa hatuna jicho upande ule. Vimbunga vinapita hapo."

Siku zile moshi wa misitu inayoungua kaskazini ulikuwa umeshuka mpaka mjini. Bonde la Don hatukuliona vizuri kutoka barazani, na nguo zilizoanikwa ndani zilinuka kama jiko la kuni. Baada ya magharibi nilitoka nikauona mwezi, haujafika nusu, chini upande wa kusini, mwekundu kama kidonda. Siupendi mwezi wa namna ile, nikajua ni udhaifu wangu, nikaomba maghufira na kuingia ndani.

Siku binti yetu alipoitaja tarehe ya meli kung'oa nanga, nilikwenda kwenye kalenda ya mwezi uliofuata. Siku hiyo ilikuwa kijivu. Sikusema neno. Nilirudi kwenye sufuria yangu nikapunguza moto.

Ilipobaki wiki moja hivi, nahodha wa meli alimpigia simu. Binti yangu aliiacha mezani ikisema kwa sauti, maana mikono yake ilikuwa kwenye ramani. Nahodha alizungumza Kiingereza cha taratibu, cha mtu asiyependa kurudia.

"Kimbunga kile cha kusini kinapinda kuelekea kwetu," alisema. "Kwa tarehe yako ya kwanza tungelifikia boya la mbali na kuwa tumeshageuka kabla hakijafika. Kwa hizi siku mbili ulizosogeza mbele, tutakutana nacho hukohuko. Ulisogeza kwa nini?"

Binti yangu aliokota kokwa moja, akaishika kiganjani. "Sababu za nyumbani," alisema.

"Basi wewe ndiye mkuu wa utafiti. Bandari imeniachia tarehe zote mbili mpaka kesho. Nipe jibu."

Simu ilipokatika, mume wangu aliinua kichwa kutoka kwenye kochi. "Sababu zipi za nyumbani? Mimi sijasema kitu."

"Hata mimi sijasema," nilisema.

"Hukusema, Mama," binti yangu alijibu. "Ulisimama mbele ya kalenda, ukashusha pumzi, ukaenda kupunguza moto. Nimeishi nawe maisha yangu yote."

Nilikaa. Kule chini basi lilipita na madirisha yakatetemeka kidogo. Mume wangu, ambaye hawezi kuvumilia kimya, alitafuta njia. Katika jamaa zetu kuna ujanja unaojulikana: siku za Nge zikikaribia, begi la msafiri hupelekwa mapema kwa ndugu, na safari ikahesabiwa imeshaanza.

"Begi lipelekwe kwa shangazi yake, Rexdale," alisema. "Tena ni karibu na uwanja wa ndege."

"Na meli je, Baba? Ina shangazi Rexdale?"

Mume wangu alicheka peke yake.

Niliona vizuri nilipofikishwa. Nikimwambia aende tarehe ya kwanza na likamfika la kumfika, nitakuwa nimemtoa kwa mdomo wangu siku niliyoiogopa. Nikinyamaza, nitakuwa nimempeleka kwenye kimbunga kwa pumzi moja, yeye na watu wa meli ile yote, ambao hawajui hata Nge ni nini. Elimu niliyowapa wenzangu kwa miaka yote ile ilikuwa imekuja kudai nafasi yake nyumbani kwangu.

"Rudisha tarehe yako," nilisema.

"Unasema kwa moyo, Mama, au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Moyo utafuata."

Aliichukua simu, akampigia nahodha.

Asubuhi ya kuondoka kwake niliweka sadaka kwenye kisanduku, nikamfunga mkononi sarafu ndani ya kitambaa cha kijani, amana ya Imamu, atakayoitoa kwa maskini akifika salama. Baba yake alisimama kwenye kiti mlangoni akainua msahafu, naye akapita chini yake. "Inama," alimwambia, "sina urefu ule wa zamani." Lifti ikamchukua.

Aliniachia ukurasa wa mtandao unaoonyesha meli kama nukta ya bluu. Niliangalia nukta, tasbihi ikiwa mkononi. Ilifika boya la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Halafu ikaelekea kwenye ile kokwa ya ukingoni, na kimbunga kikaongeza mwendo kuliko walivyotabiri. Nukta ikasimama. Ilikaa hapo toka adhuhuri mpaka alasiri, haisogei, na mume wangu hakufanya mzaha hata mmoja. Kisha ikageuka, ikaanza kurudi.

Alirudi nyumbani midomo imepasuka kwa chumvi. Nilishukuru kwa kusujudu, na nashukuru mpaka leo. Lakini boya la mbali hawakuligusa. Waliliona kwa macho, alisema, limelala upande, mawimbi yamekuwa makubwa mno kushusha winchi. Wangebaki siku mbili zaidi wangebaki moja kwa moja.

"Bado limeshikilia," alisema. "Sijui kwa nini."

Akaitandaza ramani tena. Meli ingepatikana mara moja tu kabla ya barafu, Novemba, bahari ikiwa mbaya kuliko mwezi mwingine wowote. Alipoanza kuitaja tarehe aliacha katikati, macho yake yakitafuta uso wangu. Sikumngoja.

"Panga kwa bahari," nilimwambia. "Mwezi niachie mimi."

Nikaenda kutafuta kitambaa cha kijani na mkasi. Kalenda sikuitazama. Nilikuwa nimeshaitazama asubuhi. Nyuma yangu, mezani, simu ikalia ile kengele.