Paa Lililopigiliwa Peni

Jua la Katito, kusini mwa Kisumu, halijapata makali, na tayari Celestine Nabututu amekalia boriti juu ya nyumba kama mtu aliye sebuleni kwake. Anapenyeza makucha ya nyundo chini ya msumari, anaubembeleza mpaka ung'oke, kisha anacheka peke yake. Kwenye shingo ya msumari kuna sarafu yenye tundu katikati.

"Dani! Nimepata ingine!"

Chini anasimama mwenye nyumba, Mama Achola, ajuza wa miaka themanini na minne, ambaye hata wageni humwita Dani, yaani nyanya. Anaidaka sarafu kwa leso na kuipangusa kutu. Pembe mbili za ndovu zinajitokeza.

"Hii ni peni, senti kumi ya mkoloni," anasema. "Sisi Waluo tunaita otonglo. Hii ilikuwa inanunua ndizi mpaka mtoto anashiba."

Celestine ni mzaliwa wa Bungoma anayeishi Manyatta, Kisumu, na kazi yake ni kuezeka na kuezua nyumba. Wanaume wa mjengo walimcheka sana, hadi walipogundua kwamba boriti kuukuu zinazowakataa wao humbeba yeye. Siku yenye kazi hulipwa shilingi elfu moja mia mbili. Siku zisizo na kazi ni nyingi.

Cha kuchekesha, naye hukicheka kabla yako, ni kwamba nyumba yake mwenyewe haina paa. Kuta zimesimama nje kidogo ya mji tangu mwaka juzi, naye bado anapanga chumba kimoja na binti zake wawili.

"Majirani wananiuliza, fundi, unajenga nyumba ama uwanja wa mpira?"

Kwa hiyo peni hizi si mchezo. Mafundi wenzake wana desturi: mabati makuukuu ni ya mwenye nyumba, misumari na kila kinachotoka nayo ni cha fundi. Sonara mmoja mjini, anayezigeuza sarafu kuwa vipuli, ameahidi kumlipa shilingi hamsini kwa kila moja, na paa hili lina zaidi ya mia mbili.

"Kwa kichwa nilikuwa nimeshanunua mabati kumi," anakiri.

Shida ni kwamba Dani anazitaka. Marehemu mumewe, Mzee Amolo, alikuwa muuza njugu aliyeweka akiba yake ndani ya mkebe chini ya kitanda. Pesa mpya za Kenya zilipoingia, alidhani ni porojo za sokoni. Alipozinduka, za zamani hazikupokewa tena, na kijiji kizima kikamcheka. Basi alipojenga nyumba hii akapitisha misumari katika matundu ya peni, akazipigilia zote juu ya mabati zizuie maji.

"Akaniambia, Achola, sasa tunalala chini ya pesa!" Dani anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Na haikuvuja. Hata siku moja, haikuvuja!"

Celestine anasema alijaribu kuomba nusu. Dani akamjibu kwamba mzee wake hagawanywi.

Saa ya chai fundi anashuka, anakung'uta mfuko wa aproni, na peni zote zinamwagika kwenye leso. "Chukua, Dani. Nimeshindwa na wewe." Anajaribu kutabasamu, lakini uso umemshuka.

Dani anafunga leso polepole, kisha anamwita Calvince, mwanawe anayegharamia paa jipya.

"Hizi mabati za zamani ni za nani?"

"Ni zako, Mama."

"Basi nimempatia huyu."

Calvince nusura apaliwe na nduma. "Mama! Nimeshaongea na mtu wa kununua vyuma!"

"Ongea na yeye tena, nyathina, mtoto wangu."

Celestine haamini masikio yake. Anagonga bati moja kwa ngumi. Ni nene, la enzi zile, kutu imelila kingo tu. Anapiga kigelegele hadi wapita njia wa barabara ya Kisii wanageuka, kisha anamkumbatia Dani pamoja na leso yake.

Jumamosi mabati yatapakiwa kwenda Kisumu. Atakata kingo, azibe matundu kwa lami, na aezeke kabla ya mvua za vuli.

"Miaka yote mvua inanipata juu ya nyumba za watu," anasema, akipanda tena ngazi. "Hii inakuja inipate ndani, na wasichana wangu, mlango umefungwa, tukiisikia vile inapiga."