Nyoka wa Zambarau

Katika karakana ile ya katuni wapaka rangi walikuwa kumi na mmoja, lakini ukiuliza nani anaweza kupaka jicho la mjusi bila kuvuka mstari, wote wangekuonyesha meza ya dirishani. Hapo alikaa Bi Mkono. Jina alipewa na wenzake, kwa kuwa mkono wake haukutikisika hata ukimpigia bati sikioni. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameziinamia zile karatasi za plastiki, angavu kama kioo, ambazo mchoro huwekwa mbele kwa wino na rangi hupakwa kwa nyuma. Zikikauka, mpiga picha huzipiga moja baada ya nyingine, na mtu wa kuchorwa akaanza kutembea.

Mwaka huo walikuwa wakitengeneza filamu ya hadithi za Wagiriki wa kale, ila mwongozaji alikuwa amezipindua. Msichana mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye vitabuni ni wa kukimbiwa, humu alikuwa mlinzi wa kisima, na waliogeuka mawe ni wale tu waliomjia na panga. Watani wa karakana walisema Wagiriki wakifufuka watakuja kudai hadithi yao. Mwongozaji hakucheka. Tangu apewe tarehe ya kukabidhi filamu hakuwa na salamu nyingine ila "Saa ngapi?", na Saa Ngapi likawa ndilo jina lake, japo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Bi Mkono alikuwa haoni sawasawa. Ulianza ukungu mwembamba, akadhani ni uchovu. Kumbe ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Mistari bado aliiona, akiinama mpaka pua ikaribie karatasi, lakini rangi zilikuwa zimemkimbia moja moja. Buluu na zambarau zilikuwa pacha. Njano ilikuwa imejificha ndani ya nyeupe. Angemwambia nani? Mumewe, fundi saa aliyestaafu, angesema aache kazi, na wakubwa wangesema hivyo hivyo. Basi akaikariri rafu ya rangi kama mtu anayekariri sala. Vichupa mia na ishirini, kila kimoja na mahali pake. Buluu ya nyoka: safu ya tatu, cha nne kutoka kushoto. Alikwenda, akahesabu kwa kidole, akarudi mezani. Kila jioni alitoka na kijasho chembamba mgongoni, akishukuru kwamba siku imepita.

Jumapili moja paa likavuja. Bwana Vichupa, mchanganyaji wa rangi, mtu mpole asiyependa makuu, aliitwa kutoka nyumbani kwake akaiokoa rafu. Alivirudisha vichupa kwa mpangilio mwingine, akabandika kikaratasi: "Mahali pamebadilika. Someni namba." Asubuhi ya Jumatatu Bi Mkono alipita mbele ya kikaratasi kile mara saba asikione.

Jumatano, wakati wa chai, mkaguzi wa karatasi alimgusa bega. Mkaguzi huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Tangu siku ya harusi hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

"Wifi, njoo mara moja."

Aliingia naye chumba cha kukaushia, akafunga mlango, akainua karatasi moja mbele ya taa.

"Hii rangi gani?"

"Unanipima kama mtoto wa chekechea? Buluu. Buluu ya nyoka."

Wifi aliishusha karatasi taratibu.

"Na gauni langu?"

"Wifi, nina kazi mezani."

"Gauni langu, wifi."

Bi Mkono alilitazama. "Jeupe."

"La njano. Njano ya kiini cha yai." Wifi alishusha sauti. "Tangu lini?"

"Mwaka na kitu."

"Kaka anajua?"

"Hajui."

"Mficha maradhi—"

"Usinimalizie, naijua."

"Basi na hili lijue. Karatasi sitini na tatu, nyoka wote zambarau, rangi ya joho la mfalme! Kamera inazitaka Ijumaa. Mimi nitaandika nini kwenye daftari la ukaguzi?"

Ng'ambo ya mlango sauti ya Saa Ngapi ilipasuka. Alikuwa amepita kwenye meza ya ukaguzi, akaziona mwenyewe.

Walipofungua mlango, Bwana Vichupa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, na mwongozaji anamtikisia karatasi puani.

"Rangi namba arobaini na moja ni buluu! Hii ni nini?"

"Mkuu, mimi nilichanganya buluu. Angalia kichupa chenyewe..."

"Karatasi ndiyo naangalia! Umehamisha rafu, umevuruga kila kitu. Vua aproni yako. Chukua koti uende."

Brashi kumi zilikuwa hewani, hakuna iliyogusa karatasi. Vidole vya Bwana Vichupa vikaenda mgongoni kutafuta fundo la aproni.

Bi Mkono angeweza kunyamaza. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na huyo alikuwa amemshika kifundo cha mkono, hamvuti wala hamsukumi. Alipiga moyo konde.

"Mwacheni. Ni mimi."

Saa Ngapi aligeuka. "Wewe nini?"

"Nilichukua kichupa kwa mazoea. Namba siioni kwa mbali. Rangi siioni. Macho yameharibika, nami nikaficha."

Fundo la aproni lilikuwa limeshafunguka. Bwana Vichupa alibaki na kamba mbili mikononi, anamtazama Bi Mkono kama mtu aliyepigwa kofi na jirani mwema.

Mwongozaji alitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Akauliza wapaka rangi wengine, nani anaweza kuwamaliza wale nyoka kufikia Ijumaa mchana. Kila kichwa kilikuwa na nyoka kumi na sita, wembamba kama uzi. Wote waliitazama meza ya dirishani.

"Mistari unaiona?" alimuuliza Bi Mkono hatimaye.

"Mistari naiona."

"Rangi nitamtazamia mimi," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule hakuna aliyembishia.

Walifuta zambarau kwa pamba yenye maji, taratibu, upande wa nyuma tu, wasije wakagusa wino. Wifi alifungua kichupa, akasoma namba kwa sauti, akamkabidhi. Bi Mkono alipaka. Alhamisi adhuhuri pete ya wifi ilikwaruza karatasi mbili, na mistari ikaenda na maji.

"Vua hiyo pete!"

"Haijatoka kidoleni miaka thelathini!"

"Basi kata kidole!"

Ilitoka kwa sabuni na matusi. Mchoraji wa wino aliirudia mistari huku analalamika. Ijumaa, saa nane na dakika kumi, karatasi ya sitini na tatu ilikauka, na mpiga picha aliyekuwa amekwisha kuvaa glavu akaipokea.

Saa Ngapi alimnyooshea Bi Mkono kiganja. "Brashi."

Akampa. Hakuulizwa zaidi, wala hakusamehewa. Aliambiwa arudi na cheti cha daktari.

Nyumbani, wifi akiwa amemsindikiza, mumewe alisikiliza habari yote, kisha akainua suruali kidogo. Mguu mmoja soksi nyeusi, mwingine ya kijani.

"Mwezi wa tatu huu unanipangia soksi hivi," alisema. "Nilidhani una hasira na mimi, nikaona bora ninyamaze."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mkono ndipo alipolia.

Alipasuliwa jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya miezi minne. Bandeji ya kwanza ilipofunguliwa, kulikuwa na beseni la buluu juu ya stuli, nayo buluu ilimpigia kelele hadi akafumba jicho. Filamu ilipoonyeshwa alikaa safu ya tatu. Nyoka waliinuka, wakageuza vichwa, wakatulia. Sekunde tano. Mtu aliyekohoa asingewaona.

Alirudi kazini. Wapaka rangi walimpokea kwa utani, na Saa Ngapi kwa swali lake la siku zote. Bwana Vichupa ndiye aliyekawia. Bi Mkono alikuwa amekwenda mpaka kwake kumwomba radhi. Akakaribishwa kiti, akasikilizwa, akasindikizwa mlangoni kwa adabu. Basi. Mwaka mzima ilikuwa "habari za asubuhi" na hapo ndipo mwisho.

Kisha siku moja wakati wa chai alibeba kikombe chake, akavuta kiti kwenye meza ya dirishani.

"Siku ile," alisema bila kumtazama, "kazi sikuiwaza. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mke wangu."

"Ungemwambia nini?"

Bwana Vichupa alifikiri. "Mpaka leo sijui."

Bi Mkono alimsogezea sukari.